Zege, Kuba na Roboti: Kiswahili Kisingoje Nyumba Imalizike

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Aghalabu methali hii hutumiwa katika mijadala ya siasa na ya mirathi, pale ambapo mtu hujikuta amekoseshwa haki yake kwa sababu hakuhudhuria kikao. Katika makala haya ninakusudia kuihamishia katika uwanja ambao wanafunzi wa Kiswahili hatujauzoea, nao ni uwanja wa ujenzi. Dai langu ni kwamba hivi sasa utafiti mkubwa unaendelea duniani kuhusu namna ya kujenga kwa zege kwa kutumia kompyuta na roboti, kwa nia ya kupunguza hewa ukaa inayoharibu tabianchi. Utafiti huo umekwisha kutufikia hapa Kenya, tena katika mwambao ulioilea lugha yetu. Hata hivyo, lugha inayoueleza si yetu, na wanaopaswa kuitafutia lugha ya kuueleza, yaani sisi, hatumo kikaoni.

Huenda msomaji akauliza: zege na fasihi wapi na wapi? Ninamwomba avute subira. Nitaanza kwa kueleza tatizo lenyewe la zege, kisha nieleze watafiti wanachokifanya, halafu nirejee kwenye maneno, ambayo ndiyo riziki yetu.

Tatizo la Zege

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Hakuna kitu kilichotengenezwa na binadamu kinachotumiwa kwa wingi zaidi ya huu mchanganyiko. Kila mwaka viwanda vya dunia hutengeneza takriban tani bilioni 4 za saruji, na wataalamu wanakadiria kwamba saruji pekee huchangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Ieleweke kwamba lawama haiko kwenye moshi wa tanuri peke yake. Ili kupata saruji, mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo katika joto linalokaribia nyuzi 1,450 za selsiasi. Mawe hayo yamefungia hewa ukaa ndani yake, na yanapoungua huiachilia. Kwa hiyo hata kama tanuri lingewashwa kwa nishati ya jua, zaidi ya nusu ya hewa hiyo ingeendelea kutoka, kwa kuwa inatoka ndani ya jiwe lenyewe. Hapa ndipo penye ugumu. Gari linaweza kubadilishiwa mafuta; jiwe haliwezi kubadilishiwa maumbile. Njia zinazosalia ni kuchanganya saruji na vitu vingine, kama vile udongo uliochomwa kwa joto dogo au majivu ya volkano, au kutumia zege kidogo kuliko tunavyotumia sasa. Njia hii ya pili ndiyo inayonishughulisha.

Umbo Badala ya Wingi

Zege lina nguvu nyingi linapogandamizwa, lakini ni dhaifu sana linapovutwa. Sakafu bapa ya ghorofa inapobeba mzigo hupinda kidogo: upande wake wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa. Kwa sababu zege haliwezi kustahimili mvuto huo, sisi hutia nondo. Zege lililo upande wa chini basi huwa halifanyi kazi kubwa isipokuwa kuzifunika nondo hizo na kujiongezea uzito, na uzito huo nao hudai nguzo nene zaidi na msingi mpana zaidi. Tunabeba mzigo ili tubebe mzigo.

Kati ya mwaka 2019 na 2022, watafiti wa vyuo vikuu vya Bath, Cambridge na Dundee nchini Uingereza walishirikiana katika mradi uliopewa jina la ACORN. Swali lao lilikuwa jepesi: kwa nini sakafu iwe bapa? Badala ya bamba nene, walisanifu kuba nyembamba ya zege ambayo huupeleka uzito kwenye nguzo kwa kugandamizwa tu. Miguu ya kuba hutaka kutanuka, kwa hiyo hufungwa kwa vyuma. Na juu yake hutandazwa sakafu nyepesi iliyo sawa ili watu waweze kutembea na kuweka meza zao. Mwaka 2022 walionyesha sakafu ya mfano waliyoijenga katika maabara ya Cambridge. Kwa makadirio yao, kuba hiyo hutumia zege pungufu kwa asilimia 75 ikilinganishwa na sakafu bapa ya kiwango kilekile, na hupunguza hewa ukaa kwa takriban asilimia 60.

Msomaji makini atauliza: kama kuba ni bora hivyo, mbona wajenzi waliiacha? Jibu linapatikana kwenye kalibu. Zege bichi huchukua umbo la kitu lililomiminwa ndani yake. Kalibu bapa ni mbao zilizopangwa. Yeyote mwenye msumeno na nyundo huiunda. Kalibu ya mviringo hudai seremala hodari, siku nyingi na mbao nyingi zitakazotupwa baadaye. Katika karne ya 20, zege lilikuwa rahisi na kazi ya mikono ilikuwa ghali katika nchi zilizoendelea, basi wajenzi wakachagua kupoteza zege ili waokoe kazi. Hapo ndipo roboti inapoingia. Watafiti wa ACORN waliunda kalibu yenye safu za vijiti vinavyopanda na kushuka kwa amri ya kompyuta, na utando wa juu ukafuata umbo linalotakiwa. Kisha mkono wa roboti ukapuliza zege juu yake. Umbo moja likimalizika, vijiti hujipanga upya kwa umbo jingine. Kila kipande cha sakafu ile kilichukua muda wa nusu saa hivi kutengenezwa.

Si Waingereza peke yao. Katika mji wa Dübendorf nchini Uswisi, mwaka 2019 ilifunguliwa nyumba iitwayo DFAB House, iliyojengwa na watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich pamoja na washirika wao. Dari ya zege ndani ya nyumba hiyo, yenye ukubwa wa mita 80 za mraba, ilimiminwa katika kalibu za mchanga zilizofinyangwa na mtambo, na penye wembamba zaidi unene wake ni milimita 20 tu. Uzito wake haufiki nusu ya dari ya kawaida.

Nisieleweke vibaya. Si kila zege lililoguswa na roboti hupunguza hewa ukaa. Mitambo inayojenga kuta kwa kutandaza tabaka juu ya tabaka mara nyingi hutumia mchanganyiko laini usio na kokoto kubwa, ambao hudai saruji nyingi zaidi. Ikiwa ukuta ni ule ule na saruji imeongezeka, basi tumepata kasi tu. Faida hupatikana pale kompyuta inapotumiwa kutafuta umbo linalohitaji zege kidogo, na roboti inapotumiwa kulitengeneza umbo hilo. Tofauti hii ni kubwa, na mtu asiyekuwa na maneno ya kuieleza huuziwa kimoja kwa jina la kingine.

Zege ni Nini Katika Kiswahili?

Sasa na tuirejee lugha. Anayepekua kamusi za kale za Kiswahili hukuta kwamba neno zege lina maana mbili. Ya kwanza ni hii tunayoijua sote, ya mchanganyiko wa kujengea. Ya pili ni paa la mviringo lililojengwa kwa mawe, yaani kuba. Kama maana hizi zinatoka katika shina moja au ni homonimu, wanaisimu historia wana kazi ya kutuamulia. Ninalotaka kulisisitiza ni kwamba kwa wazee wetu wa mwambao neno moja lilitaja mchanganyiko na likataja umbo. Sisi tuliohifadhi maana ya mchanganyiko tumeisahau ile ya umbo, na jambo hilohilo ndilo lililowapata wajenzi wa dunia. Watafiti wa Bath na Cambridge, pasipo kujua, wanairejesha maana ya pili ya zege.

Wala hili si suala la kamusi tu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliopanuliwa katika karne ya 14 na kufanyiwa matengenezo katika karne ya 15, ulifunikwa kwa kuba na mapaa ya matao yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Waashi wale hawakuwa na nondo. Iliwabidi wategemee umbo. Katika nyumba za mawe za Lamu, kwa upande mwingine, dari ilibebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Katika hali zote mbili mjenzi alikijua kipimo cha alichonacho, akajenga ndani ya kipimo hicho. Huo ndio moyo wa utafiti ninaouzungumzia, minghairi ya kompyuta zake.

Fasihi yetu nayo ni shahidi. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, huonya juu ya upuuzi wa dunia kwa kuonyesha majumba ya Pate yalivyoporomoka. Mshairi hakutosheka kusema kwamba nyumba zilianguka. Alituingiza ndani, akatutajia madaka na vyumba, kwa sababu alikuwa na maneno ya kuvitaja na wasikilizaji wake waliyajua. Je, mshairi wa leo anayetaka kuomboleza jengo lililoporomoka katika mtaa wa Nairobi ana maneno gani? Atasema jengo, atasema ukuta, kisha ataishiwa.

Maneno Yako Mjengoni

Tunapenda kulalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi. Mimi ninaamini kwamba istilahi tunazo, ila zimetapakaa mahali ambapo hatuendi kuzitafuta. Mwashi ana mwiko, timazi, pima maji na karai. Fundi na mtu wa mkono huelewana siku nzima kuhusu uwiano wa saruji na mchanga, kuhusu zege lililozidi maji, kuhusu ukuta ulioacha timazi, na sehemu kubwa ya maelewano hayo ni kwa Kiswahili. Wapi tumeyaandika maneno yao? Tuna tasnifu nyingi juu ya methali na juu ya riwaya, nami sizibezi, kwani ndizo zilizonilea. Lakini lugha ya mjengo inapita mbele ya madirisha yetu kila siku, na hakuna anayeishika kalamu.

Chukua mfano wa neno linalovuma sasa. Magazeti yetu yanapoeleza nyumba zinazojengwa na mtambo, husema nyumba zimechapishwa. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na inapotosha. Katika Kiswahili kuchapisha ni kutoa kitabu au gazeti kwa wasomaji. Kupiga chapa ni kugandamiza alama juu ya kitu. Mtambo huu haufanyi lolote kati ya hayo. Hutandaza ukanda wa zege laini, kisha ukanda mwingine juu yake, na mwingine tena, hadi ukuta usimame. Mfinyanzi aundaye mtungi kwa kuviringisha kamba za udongo moja juu ya nyingine hufanya kitendo hikihiki, na lugha ina kitenzi chake: kufinyanga. Tukisema ufinyanzi wa zege, msikilizaji aliyemwona mfinyanzi kazini ataiona picha papo hapo. Aidha, kutokana na kitenzi hicho tutapata mfinyanzi, ufinyanzi, kifinyanzi na kufinyangika bila kuomba mkopo popote.

Vivyo hivyo, kalibu inayobadilika umbo tunaweza kuiita kalibu nyumbufu. Sakafu ya zege iliyopinda ni sakafu ya kuba. Na lile zege lenye kuzalisha hewa ukaa kidogo, tusiliite la kaboni ya chini, kana kwamba kaboni imewekwa sakafuni. Tuliite zege la ukaa haba. Sidai kwamba mapendekezo haya ni kamili. Wanaofuata vigezo vya Kiingi vijulikanavyo kama PEGITOSCA watayapima kwa usahihi, kwa iktisadi, kwa uwezo wa kuzalisha maneno mengine na kwa kukubalika, na pengine watayakataa mawili au yote. Wayakatae kwa hoja na walete mengine. Kibaya ni kunyamaza.

Tena muda si mwingi. Tunakumbuka yaliyolipata neno kompyuta. Wataalamu walipendekeza ngamizi, wengine wakapendekeza tarakilishi, na majarida yetu yakajaa mabishano. Wakati huo wote wauzaji na watumiaji walikuwa wamekwisha kuiita kompyuta, na hadi leo tarakilishi huishi zaidi katika vitabu vya shule kuliko katika vinywa vya watu. Funzo ninalolipata hapo ni kwamba istilahi inayofika baada ya kitu kuzoeleka hupigana vita na mazoea, na mazoea hushinda. Kiswahili kikae mlangoni kitu kinapoingia.

Hoja za Wapinzani

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya wahandisi, na kwamba mhandisi wa Kenya husoma kwa Kiingereza na hutosheka. Hoja hii ina ukweli nusu. Mhandisi husoma kwa Kiingereza, lakini hamimini zege yeye mwenyewe. Michoro yake hushuka ngazi hadi kwa msimamizi, kisha kwa fundi, kisha kwa mtu wa mkono, na katika kila ngazi lugha hubadilika. Maana inayopotea njiani hujitokeza kwenye nguzo. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la makazi liliporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Ilielezwa kwamba lilikuwa kando ya mto na lilikuwa limetiwa alama ya kubomolewa. Sidai kwamba Kiingereza ndicho kilichoangusha jengo lile. Tamaa na uzembe vinajulikana kwa majina yao. Ninachouliza ni hiki: mpangaji anayeishi chini ya dari yenye nyufa anaweza kusoma wapi, kwa lugha yake, ishara za jengo linaloelekea kuanguka? Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kanuni za kitaifa za ujenzi zikatolewa mwaka 2024 kuchukua nafasi ya zile za mwaka 1968, kwa Kiingereza.

Wengine watasema kwamba roboti ni ndoto za Ulaya. Hao waende Kilifi. Mwaka 2021 kampuni ya 14Trees, iliyoanzishwa kwa ubia wa kampuni ya saruji ya Holcim na shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza, ilitangaza mradi wa nyumba 52 uitwao Mvule Gardens, wenye kuta zinazojengwa na mtambo. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilisimamisha kuta za shule katika wilaya ya Salima, Malawi, kwa muda wa saa 18. Nyumba za namna hii zipo basi mwendo mfupi kutoka magofu ya Gedi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami siipuuzi. Nchi yetu ina vijana wengi wanaopata riziki kwa karai na mwiko. Roboti inayofanya kazi ya nusu saa badala ya siku nzima ni habari njema Uingereza, ambako mafundi ni adimu. Hapa inaweza kuwa habari ya njaa. Je, kwa kuipa Kiswahili hatuipambi teknolojia itakayowanyang'anya ndugu zetu kazi? Ninajibu kwamba itakuja ikiwa na jina la Kiswahili au isiwe nalo. Mtambo wa Kilifi huinua kuta tu. Msingi, paa, milango na nyaya bado ni kazi ya mafundi. Na kuba inaweza kujengwa kwa mikono panapokuwa na mikono ya kutosha: Kilwa ni ushahidi. Yamkini njia yetu itakuwa ya kuchukua hesabu ya umbo kutoka kwenye kompyuta na kuikabidhi kwa waashi. Lakini uamuzi huo ni wa kujadiliwa hadharani na wale wanaohusika nao, na mtu hawezi kushiriki mjadala unaoendeshwa kwa lugha ambayo hana. Atasikia tu siku atakapoambiwa asije kazini kesho.

Tufanye Nini?

Ninapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa chama chetu. Kwanza, wanachama wa matawi ya Mombasa, Nairobi na kwingineko wakusanye msamiati wa mjengo kutoka kwa mafundi wenyewe, kila neno pamoja na mahali lilipopatikana, kwani fundi wa Kisumu na wa Malindi hawasemi sawa. Pili, idara zetu ziruhusu tasnifu za uzamili katika taaluma ya istilahi na tafsiri zinazofanywa kwa ushirikiano na idara za uhandisi, mwanafunzi akiwa na msimamizi mmoja kutoka kila upande. TUKI ilikwisha kutuonyesha njia ilipotoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Ujenzi haupaswi kuwa mgumu kuliko kemia. Tatu, tutafsiri kwanza zile sehemu za kanuni za ujenzi zinazohusu usalama wa mkazi wa kawaida. Nne, jarida hili litenge kurasa mbili katika kila toleo kwa makala ya sayansi yaliyoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili, wala si yaliyofasiriwa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba utafiti wa zege la ukaa haba ni utafiti wa umbo, na kwamba lugha yetu iliwahi kuwa na neno moja kwa zege na kwa umbo hilo. Nimeonyesha pia kwamba kuna mafundi wanaoyajua maneno tusiyoyaandika, na wakazi wanaohitaji maneno hayo kwa ajili ya uhai wao. Wahadhiri wetu wametufundisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba taaluma yoyote. Tumelisema hilo katika kila kongamano, na kila mwaka ifikapo tarehe 7 Julai tunalirudia kwa nyimbo na maandamano. Sasa na tukabebe kitu kizito kidogo, tuone. Anayedhani mapendekezo yangu ya istilahi ni mabovu na alete yake katika toleo lijalo. Nitafurahi kushindwa naye, mradi neno litakaloshinda liwe limefika mjengoni kabla ya zege kukauka.